Maswali ya Wasomaji: Namba ya Mashimo 31

Barua tulizozichagua safari hii zinaizunguka namba moja, 2,147,483,647. Kuna aliyekutana nayo dukani, kuna aliyeikuta darasani, na mwingine imemjia kwenye droo ya mpira. Tumezipanga kwa namna ambayo jibu moja linalisaidia linalofuata.

Wahariri, salaam. Tuna duka la jumla hapa Ngamiani, Tanga: unga, sukari, mafuta ya kula. Jumla ya mauzo kwenye kompyuta ilipanda vizuri mpaka shilingi milioni 21 na kidogo, halafu ghafla ikawa hasi milioni 21. Fundi anasema "kuna namba haipitiki". Ni namba gani hiyo, na fedha zetu ziko wapi?
*Mfanyabiashara, Ngamiani*

Ndugu yetu, pole. Mauzo yenu hayajapotea, ila yameandikwa mahali pasipoyatosha. Inavyoonekana programu yenu huhifadhi fedha kwa senti, wala si kwa shilingi, na imefika senti 2,147,483,647, yaani shilingi 21,474,836 na senti 47. Hapo ndipo ukuta ulipo.

Ili muelewe ukuta huo, chukueni bao. Lina mashimo 32. Wekeni kete moja shimo la kwanza, mbili la pili, nne la tatu, nane la nne, kila shimo mara mbili ya lililotangulia. Shimo la 31 litadai kete 1,073,741,824. Simameni hapo, mjumlishe mashimo yote 31: mtapata 2,147,483,647 kamili. Kompyuta nayo huhesabu hivyohivyo. Namba nzima ya kawaida hupewa nafasi 32. Nafasi 31 ni za hesabu, na ile ya 32 huonyesha kama namba ni chanya au hasi. Nafasi 31 zikijaa, senti moja inayoongezwa humwagikia kwenye nafasi ya alama, na jumla inageuka kuwa hasi 2,147,483,648.

Dawa ni kubadili namba hiyo iwe ya biti 64 (biti ni hizo nafasi), ambayo kikomo chake ni 9,223,372,036,854,775,807. Fundi asibadilishe sehemu moja tu. Kosa la kawaida ni kupanua safu kwenye hifadhidata na kuisahau programu inayoisoma, au ripoti inayojumlisha. Hapo tatizo linarudi baada ya siku chache, na safari hii ni gumu zaidi kulitafuta. Nakili data zote kabla ya kugusa chochote. Kama namba imegeuka mara moja tu, jumla ya kweli hupatikana kwa kuongeza shilingi 42,949,672.96 kwenye ile hasi. Hata hivyo ilinganisheni na risiti, maana programu nyingine hukataa kuandika badala ya kugeuka, na hapo kuna mauzo ambayo hayakuingia kabisa.

Jambo moja zaidi, kwa kuwa mmeuliza "ni namba gani hiyo". Kete hizo za mashimo 31 huwezi kuzigawa sawasawa kwa kundi lolote la watu, isipokuwa umpe mmoja zote au kila mtu apate moja. Ni namba tasa, ya 105,097,565 ukihesabu kuanzia 2. Sasa jazeni na shimo la 32: jumla inakuwa 4,294,967,295, nayo inavunjika vipandevipande, 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537. Shimo moja tu limeleta tofauti yote hiyo.

Shikamooni. Nasoma kidato cha tatu Bagamoyo. Mwalimu alisema 2,147,483,647 ni namba tasa na kwamba watu walilijua hilo kabla ya kompyuta. Nimegawanya kwa 3, 7, 11, 13, 17 nimechoka. Waliwezaje?
*Mwanafunzi, Bagamoyo*

Marahaba, mwanetu. Umeanza vizuri, ila njia uliyoshika ni ndefu. Kuna mambo matatu ya kuifupisha.

La kwanza unalijua: ukomee kwenye kipeuo cha pili. Namba ikiwa na vigawo viwili, kilicho kidogo hakiwezi kuzidi kipeuo chake cha pili. Hapa ni 46,340 na ushei. Lakini namba tasa zisizozidi 46,340 ni 4,792. Ukitumia dakika tatu kwa kila moja, hizo ni saa 240 za kugawanya.

La pili ndilo lenye utamu wenyewe. Badala ya kuuliza "je, 19 inaigawa?", uliza "kigawo tasa, kama kipo, kina sura gani?" Tukiite q. Gawanya 2, 4, 8, 16 na kuendelea kwa q, uandike mabaki. Mabaki hayo hujirudia. Kwa 7 ni 2, 4, 1, kisha tena 2, 4, 1: mzunguko wa hatua 3. Sasa, namba yetu ni 2³¹ − 1. Kama q inaigawa, basi hatua ya 31 ya mzunguko imeacha baki 1, na kwa hiyo urefu wa mzunguko lazima uigawe 31. Lakini 31 yenyewe ni tasa! Mzunguko hauwezi kuwa wa hatua 1, kwa sababu 2 yenyewe haiachi baki 1. Basi ni wa hatua 31 kamili. Mwanahisabati Pierre de Fermat alieleza mwaka 1640 kwamba kwa q tasa isiyoigawa 2, hatua ya q − 1 nayo huacha baki 1. Kwa hiyo 31 inaigawa q − 1. Na q ni witiri, hivyo q − 1 ni shufwa. Ukiunganisha, 62 inaigawa q − 1. Vigawo vyote ulivyojaribu, 3 mpaka 17, havikuwa na nafasi tangu mwanzo.

La tatu: kama 2³¹ inaacha baki 1, basi 2³² inaacha baki 2. Lakini 2³² ni 65,536 × 65,536. Maana yake, katika mabaki ya q, 2 ni kipeo cha pili cha namba fulani, na hilo hutokea tu kwa namba tasa witiri ambayo ukiigawanya kwa 8 inaacha 1 au 7. (Uthibitisho wa kipande hiki utaukuta kwenye masomo ya mbele, kwa sasa ujaribu mwenyewe kwa 7, 17, 23 na 31, kisha kwa 3, 5, 11 na 13, utaona.) Weka masharti mawili pamoja: kigawo cha 2³¹ − 1, ukikigawanya kwa 248, lazima kiache baki 1 au 63.

Angalia ungo huu unavyochekecha. Chini ya 1,500 kuna namba tasa 239. Zinazopita ni tatu tu: 311, 1,303 na 1,489. Zigawanye:

2,147,483,647 = 311 × 6,905,092, baki 35
2,147,483,647 = 1,303 × 1,648,107, baki 226
2,147,483,647 = 1,489 × 1,442,232, baki 199

Endelea hivyo mpaka 46,340. Namba zenye sura hiyo ni kama 370, na ukiziondoa zisizo tasa, kama 249 (3 × 83) na 559 (13 × 43), unabaki na zisizofika mia. Hiyo ni kazi ya Jumamosi mbili kwa mtu mwenye subira. Leonhard Euler alitumia hoja ya aina hii na kutangaza mwaka 1772 kwamba namba hii ni tasa, akiwa St Petersburg, macho yakiwa karibu yamemwishia kabisa.

Sasa makosa. Usitazame desimali za kalkuleta na kuamua kwa macho kwamba "haigawanyiki". Chukua sehemu nzima ya jawabu, izidishe kwa kigawo, toa, uandike baki. Kalkuleta ya tarakimu 8 haiipokei namba hii kabisa, tumia ya 12. Kisha hakiki kila mstari kwa tisa: jumlisha tarakimu mpaka ibaki moja. Namba yetu inatoa 46, halafu 10, halafu 1. Mstari wa 311: 311 inatoa 5, 6,905,092 inatoa 4, na 5 × 4 ni 20 ambayo inatoa 2, ongeza baki 35 inayotoa 8, unapata 10, yaani 1. Imekubali. Uhakiki huu hauoni tarakimu mbili zilizopishana nafasi, lakini makosa mengi ya kuzidisha huyanasa, na kwenye kazi ya mistari mia kosa moja lisiloonekana linaharibu uthibitisho mzima.

Je, ni sahihi kuwafundisha wanafunzi kwamba 2 ikipandishwa kwa kipeo tasa, kisha ukatoa 1, jawabu huwa tasa? 3, 7, 31 na 127 zote zinakubali.
*Mwalimu, Muheza*

Mwalimu, hapana. Mfano unaofuata ndio unaovunja: 2¹¹ − 1 = 2,047 = 23 × 89. Lililo sahihi ni kinyume chake: kipeo kisipokuwa tasa, jawabu kamwe haliwi tasa. Kipeo 63 kinagawanyika kwa 3, basi 2⁶³ − 1 inagawanyika kwa 2³ − 1, yaani 7. (Hicho ndicho kikomo cha biti 64 tulichompa ndugu wa Ngamiani.) Kipeo tasa ni sharti la kuingia mlangoni, hakikuhakikishii kiti.

Hata wakubwa walijikwaa hapo. Marin Mersenne, ambaye namba hizi zinaitwa kwa jina lake, aliandika mwaka 1644 orodha ya vipeo alivyodai vinatoa namba tasa, na kuiweka 67 ndani. Édouard Lucas alionyesha mwaka 1876 kwamba 2⁶⁷ − 1 si tasa, lakini bila kutoa vigawo. Vilitolewa na Frank Nelson Cole mwaka 1903: 193,707,721 × 761,838,257,287. Wape wanafunzi watoe 1 kwenye kila kimoja na kugawanya kwa 134, yaani mara mbili ya 67. Vyote viwili vinagawanyika bila baki, kama 23 na 89 zinavyofanya kwa 22. Zoezi hilo linafundisha zaidi ya orodha nzima ya namba tasa za kukariri.

Nimesoma kuhusu jaribio la Lucas na Lehmer: anza na 4, kipeo cha pili, toa 2, chukua baki, rudia. Kwa 127 limekubali. Kwa 2,147,483,647 nimetumia simu, baada ya hatua 29 sijapata sifuri. Nimekosea wapi?
*Mwanachuo, Chumbageni, Tanga*

Hukukosea wewe, simu ndiyo iliyokupunja tarakimu. Tuandike kwanza la 127, ili na wengine waone. Kipeo ni 7, hatua ni 7 − 2 = 5, na baki linachukuliwa kwa 127:

4, 14, 67, 42, 111, 0.

Sifuri ikitokea kwenye hatua hiyo, namba ni tasa. Isipotokea, si tasa. Hakuna "labda". Kwa 2,047 hatua ni 9 na unaishia 1,736, kwa hiyo imekataa.

Kwa namba yetu hatua ni 29. Nne za kwanza ni 14, 194, 37,634 na 1,416,317,954, na mpaka hapo kalkuleta yoyote nzuri inatosha. Hatua ya tano inadai kipeo cha pili cha 1,416,317,954, chenye tarakimu 19. Excel hushika tarakimu 15, nazo kalkuleta nyingi za simu haziwezi kuzishika zote 19. Zilizobaki hufanywa sifuri kimyakimya, na baki linategemea hasa zile za mwisho. Kuanzia hapo unahesabu upepo. Hatua ya tano lazima iwe 669,670,838. Kama ulipata namba nyingine, tupa yote yaliyofuata.

Tumia Python, lugha ya kuandikia programu ambayo namba nzima haina kikomo, au ufanye kwa karatasi kwa ujanja ufuatao. Unajua baki la 9 linavyopatikana kwa kujumlisha tarakimu, kwa sababu 10 ikigawanywa kwa 9 inaacha 1. Hapa 2³¹ inaacha 1. Basi ligawanye zao lako kwa 2,147,483,648: chukua sehemu nzima, chukua kilichobaki, vijumlishe. Kama jumla imefika 2,147,483,647 au kuizidi, ipunguze kwa hiyo. Kwa kompyuta hata kugawanya hakuna. Ni kukata biti 31 za chini na kuzijumlisha na za juu. Hii ndiyo sababu waandishi wa programu wanaipenda namba hii kuliko tasa nyingine za ukubwa wake.

Kipimo cha mwisho: hatua ya 28 lazima iwe 65,536 au 2,147,418,111. Hakuna namba nyingine chini ya yetu ambayo kipeo chake cha pili kinaacha baki 2, na bila baki 2 hakuna sifuri.

Ni kweli kompyuta zitasimama mwaka 2038?
*Msomaji, Pangani*

Si zote. Zinazohesabu sekunde tangu mwanzo wa 1970 kwa saa ya dunia, kwa namba ya biti 32, zitajaa tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa zetu. Sekunde inayofuata zitasoma 13 Desemba 1901. Simu na kompyuta za biti 64 za sasa kwa kawaida haziguswi. Zinazohitaji kukaguliwa ni vifaa vinavyofungwa ukutani na kusahaulika: mita, vidhibiti vya pampu, rekoda za kamera. Sogeza saa ya kifaa mbele mpaka 20 Januari 2038, uangalie, kisha uirudishe.

Tunapanga droo ya ligi ya mtaa kwa kompyuta, timu 16. Mwenzangu ameandika programu inayozidisha kwa 16,807 na kuchukua baki la hiyo 2,147,483,647. Inaaminika? Jana ilitoa sifuri tupu.
*Mratibu, Dunda, Bagamoyo*

Njia hiyo inajulikana sana, na Stephen Park na Keith Miller waliipendekeza mwaka 1988 kama kiwango cha chini cha kuanzia. Nguvu yake inatokana na utasa. Namba 16,807 ni 7⁵, na imechaguliwa ili ukianza popote kati ya 1 na 2,147,483,646 uzipitie zote, kila moja mara moja, kabla ya kurudi ulipoanzia. Kwa kizidisho kibaya mzunguko ungekuwa mfupi.

Sifuri tupu ina sababu moja: mbegu, yaani namba ya kuanzia, ilikuwa sifuri, au namba yetu yenyewe, ambayo baki lake ni sifuri. Sifuri ukiizidisha haitoki. Mwenzako aweke sharti la kukataa mbegu hizo mbili. Tatizo lingine ni lile la Ngamiani: 16,807 mara namba ya mabilioni haitoshi kwenye biti 32, lazima zao liwe la biti 64. Jaribio la kumaliza ubishi: anza na 1, endesha hatua 10,000. Usipopata 1,043,618,065, programu ina kosa.

Kwa droo yenyewe, mbegu msiichukue kwenye saa ya kompyuta, mtanuniana. Timu tisa ziandike tarakimu moja kila moja kwenye karatasi iliyokunjwa, zifunguliwe mbele ya watu na kuunganishwa kwa mpangilio uliotangazwa kabla. Tarakimu tisa haziwezi kuvuka kikomo. Msiyatumie matokeo kumi ya mwanzo, kwa sababu mbegu ndogo huzaa jawabu la kwanza dogo. Na njia hii isitumike kabisa kwa namba za siri: anayeona tokeo moja anajua yote yanayofuata.

Nimeona 5 ni tasa, 2⁵ − 1 = 31 ni tasa, 2³¹ − 1 ni tasa. Je, tukiendelea, 2 kwa kipeo cha 2,147,483,647, toa 1, itakuwa tasa pia? Hiyo si ingekuwa kubwa kuliko zote?
*Msomaji, Raskazone, Tanga*

Ingekuwa. Kubwa kuliko zote zinazojulikana leo ni 2 kwa kipeo cha 136,279,841, toa 1, yenye tarakimu 41,024,320. Iligunduliwa Oktoba 2024 na Luke Durant, katika mradi wa kujitolea ulioanzishwa na George Woltman mwaka 1996. Hiyo yako ingekuwa na tarakimu zaidi ya milioni 646. Lakini mnyororo unakatika hapo: inagawanyika kwa 295,257,526,626,031.

Sura ya kigawo hicho ni ileile tuliyomweleza mwanetu wa Bagamoyo. Kitolee 1, gawanya kwa 2,147,483,647, utapata 137,490 kamili. Na kikigawanywa kwa 8, baki ni 7.

Kukihakiki hakuhitaji kuiandika namba ya tarakimu milioni 646. Anza na 1. Ipandishe kipeo cha pili, zidisha kwa 2, chukua baki la 295,257,526,626,031. Rudia mara 31, hatua moja kwa kila shimo la bao. Mazao yanafika tarakimu 30, basi tumia Python, si simu. Hatua ya 31 itakurudisha kwenye 1.